Tunachuja maskini badala ya kuzuia umaskini

Kila serikali inapotangaza mpango wa kusaidia kaya maskini, mjadala huanza na swali lilelile: nani hasa anastahili? Wabunge huliuliza, wafadhili huliuliza, na jirani anayemwona mwenzake akipokea ruzuku huliuliza kwa sauti kubwa kuliko wote. Nguvu nyingi huishia hapo. Fedha na muda hutumika kutengeneza fomula, fomu, orodha, uhakiki wa orodha na uhakiki wa uhakiki, kisha tunabaki na mipango iliyo hodari kuchuja watu lakini dhaifu kuwakinga.

Naona swali hilo, hata linapoulizwa kwa nia njema, limetupoteza njia. Linachukulia kwamba maskini ni kundi la watu wanaojulikana, ambao ukishawahesabu mara moja na kuwaandika kwenye daftari, kazi imekwisha. Maisha hayaendi hivyo. Watu huingia kwenye umaskini na kutoka, wengine zaidi ya mara moja, na nyakati wanazoingia zinatabirika kwa kiasi kikubwa. Hifadhi ya jamii yenye maana ni ile inayomkuta mtu kwenye nyakati hizo kabla hajapoteza kila kitu.

Mwaka 1899 Seebohm Rowntree, aliyetoka kwenye familia yenye kiwanda cha chokoleti katika mji wa York, Uingereza, alifanya jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida. Badala ya kubishana kuhusu tabia za maskini, aliwatuma wadadisi nyumba kwa nyumba. Walizifikia familia zaidi ya 11,000 za wafanyakazi wa mji huo, wakaandika mapato, kodi ya pango, idadi ya watu wanaolala ndani na kazi wanazofanya. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1901 yalionyesha kuwa takribani asilimia 28 ya wakazi wote wa mji walikuwa maskini. Kwa wale ambao kipato chao hakikutosha hata kuuweka mwili kwenye afya, sababu kubwa kuliko zote haikuwa ulevi wala uvivu. Zaidi ya nusu yao walikuwa kwenye familia ambazo mtafutaji mkuu alikuwa na kazi ya kudumu, ila ujira wake ulikuwa mdogo mno.

Idadi hiyo ndiyo iliyoishtua Uingereza. Kilichobaki na thamani hadi leo, kwa maoni yangu, ni kitu kingine alichokigundua Rowntree: maisha ya kibarua yana vipindi vitatu vya dhiki. Cha kwanza ni utoto, kabla yeye na ndugu zake hawajaanza kuingiza chochote nyumbani. Cha pili ni pale anapokuwa na watoto wadogo wa kuwalisha. Cha tatu ni uzee, nguvu zinapokwisha na watoto wameshaondoka na kuanza maisha yao. Katikati ya vipindi hivyo hupata nafuu. Ina maana mtu yuleyule, mwenye bidii ileile, angehesabiwa maskini akiwa na miaka 8, asihesabiwe akiwa na miaka 20, arudi kwenye hesabu akiwa na miaka 35, atoke tena, kisha amalizie siku zake kwenye ufukara. Ukimkuta siku ya sensa akiwa na miaka 20 utaandika kwamba hahitaji chochote.

Juu ya vipindi hivyo vinavyojulikana huongezeka misukosuko, na ugonjwa ndio unaoongoza. Mtafiti Anirudh Krishna alitumia miaka mingi kufuatilia historia za kaya zaidi ya 35,000 katika India, Kenya, Uganda, Peru na jimbo la North Carolina nchini Marekani, akiuliza ni kaya zipi zilizoporomoka na kwa nini. Mazingira ni tofauti kabisa, lakini maradhi na gharama za matibabu zilijitokeza mara kwa mara kuwa chanzo kikuu cha kaya kuanguka. Aligundua pia jambo ambalo takwimu za jumla hulificha. Umaskini unaweza kuonekana umepungua kidogo tu, kumbe chini ya namba hiyo kuna kundi kubwa lililotoka na kundi jingine, karibu kubwa kama hilo, lililoingia.

Tulitazame anguko moja kwa karibu. Fundi cherehani mwenye watoto watatu anaugua. Wiki ya kwanza akiba inaishia kwenye vipimo na dawa. Wiki ya pili anakopa kwa ndugu. Wiki ya tatu wateja wanachukua vitambaa vyao na kuvipeleka kwingine, kwa sababu nao wana tarehe zao. Mwezi wa pili anauza cherehani kwa bei ya mtu mwenye shida, ambayo siku zote ni ya chini kuliko bei halali. Baadaye anapona, lakini sasa ni fundi asiye na chombo cha kazi. Anashona kwa mtu mwingine kwa ujira wa kipande, anapata sehemu ndogo ya alichokuwa akipata, na mtoto wake mkubwa anaacha shule ili asaidie nyumbani. Fedha ambazo zingetosha kumvusha miezi miwili bila kuuza cherehani ni kidogo sana zikilinganishwa na kile ambacho familia hiyo itakipoteza kwa miaka kumi inayofuata.

Sasa mlete karani wa mpango wa kusaidia kaya maskini kwa fundi huyo. Anafika na kishikwambi mkononi, kwa sababu mapato ya watu wa sekta isiyo rasmi hayana karatasi ya mshahara ya kuthibitisha, hivyo wataalamu wameamua kukisia umaskini kwa kutazama vitu. Anauliza paa limeezekwa kwa nini, sakafu ni ya udongo au saruji, watu wangapi wanalala chumba kimoja, kuna redio, kuna meza, kuna baiskeli. Kila jibu lina alama. Fundi ana paa la bati alilolinunua miaka mitano iliyopita, sakafu ya saruji, na meza aliyokuwa akikatia vitambaa. Mashine inajumlisha. Nyumba yake inasimulia maisha aliyokuwa nayo mwaka juzi, wakati tumbo lake linaishi leo. Anaachwa nje.

Makosa ya namna hiyo yamo ndani ya fomula yenyewe, hata karani akiwa mwaminifu na data zikiwa safi. Mwaka 2011 Stephen Kidd na Emily Wylde walizipima fomula za aina hii kwa takwimu za kaya za Bangladesh, Indonesia, Rwanda na Sri Lanka. Waligundua kwamba mpango unaolenga asilimia 20 ya watu maskini zaidi ungewakosa kati ya asilimia 44 na 55 ya walengwa wake, kabla hata hujaongeza upendeleo, uzembe wala fomu zilizopotea. Karibu nusu. Kadiri lengo linavyozidi kubanwa ndivyo makosa yanavyozidi, kwa sababu kati ya kaya ya chini kabisa na ile inayofuata tofauti ni ndogo na hubadilika kila msimu. Kwa watu wanaoishi kwenye mazingira hayo, matokeo yanafanana na bahati nasibu: nyumba mbili zenye dhiki ileile, moja inapokea na nyingine haipokei, na hakuna anayeweza kuwaeleza sababu wakaielewa.

Tabia hii ya kuchuja ina asili ndefu. Sheria ya maskini ya Uingereza ya mwaka 1601 ilizipa parokia jukumu la kuwatunza wasiojiweza kwa kodi ya wenyeji. Mwaka 1834 sheria hiyo ilibadilishwa kwa hofu kwamba msaada unazalisha wavivu. Kanuni mpya ilisema anayesaidiwa lazima aishi vibaya kuliko kibarua wa chini kabisa anayejitegemea, ili mtu yeyote mwenye njia nyingine asithubutu kuomba. Nyumba za kazi zikajengwa kwa msingi huo: mume, mke na watoto walitenganishwa mlangoni, wakavalishwa sare, wakapewa kazi ngumu. Fedheha ilikuwa sehemu ya mpango, nayo ndiyo iliyokuwa chujio.

Nyumba hizo zimefungwa, lakini wazo limebaki. Nchini Uholanzi mamlaka ya kodi iliwaandama maelfu ya wazazi waliokuwa wakipokea posho ya malezi ya watoto, ikawatuhumu kwa udanganyifu kutokana na dosari ndogo kwenye fomu, na kuwataka warudishe fedha zote, wengine makumi ya maelfu ya euro. Wengi walikuwa na asili ya kigeni. Familia zilipoteza nyumba na ndoa zilivunjika, hadi serikali ya waziri mkuu wa wakati huo, Mark Rutte, ikajiuzulu Januari 2021. Australia nayo iliiachia kompyuta kazi ya kukokotoa madeni ya watu waliopokea mafao: mfumo ulichukua kipato cha mwaka mzima, ukakigawa sawasawa kwa vipindi vyote vya malipo, ukawadai mamia ya maelfu ya watu fedha ambazo hawakuwa wakidaiwa. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 2023 iliueleza mpango huo kuwa katili na usio wa haki. Hizi ni nchi tajiri zenye kumbukumbu nzuri na mahakama imara. Mahali ambapo raia hana wakili wala nakala ya fomu aliyoijaza, anayeonewa anaishia kunyamaza.

Hofu inayobeba yote haya ni kwamba ukimpa maskini fedha ataacha kufanya kazi, au atazinywa. Hofu hiyo imepimwa, tena mara nyingi. Abhijit Banerjee na wenzake walichapisha mwaka 2017 uchambuzi wa programu saba za ruzuku ya fedha katika nchi sita, zikiwemo Honduras, Indonesia, Morocco na Ufilipino, na hawakupata ushahidi kwamba waliopokea walipunguza kazi. David Evans na Anna Popova walipitia tafiti 19 kuhusu matumizi ya pombe na tumbaku na hawakuona ongezeko. Mara nyingi yalipungua kidogo. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Maskini hakosi hamu ya kazi. Anakosa nauli ya kuifuata, mtaji wa kuianzisha, au afya ya kuifanya.

Tena fedha hizo hazikai mfukoni mwa aliyepewa. Kati ya mwaka 2014 na 2017 shirika la GiveDirectly liliwapa kaya zaidi ya 10,500 za Siaya, magharibi mwa Kenya, takribani dola 1,000 kila moja, na watafiti wakagawanya vijiji 653 kwa kura ili waweze kulinganisha. Kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa eneo hilo kwa takribani dola 2.5. Waliouza bidhaa na huduma walipata wateja, vibarua walilipwa zaidi, na kaya ambazo hazikupewa hata senti nazo zikaongeza matumizi yao karibu sawa na zilizopewa. Bei za vitu, ambazo wengi walitabiri zingeruka, zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya wanaoona ruzuku kama fedha zilizotupwa.

Marekani nayo ilifanya jaribio lake bila kukusudia liitwe jaribio. Mwaka 2021 nafuu ya kodi kwa wenye watoto iliongezwa hadi dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na dola 3,000 kwa mkubwa wake, na nusu yake ikalipwa kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba. La muhimu ni kwamba hata mzazi asiye na kipato aliipata yote, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu misaada ya serikali, ulishuka hadi asilimia 5.2, kiwango cha chini kabisa tangu kipimo hicho kianze kutumika. Bunge halikuuendeleza mpango. Mwaka 2022 kiwango kikawa asilimia 12.4. Wazazi hawakubadilika tabia ndani ya miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni sheria. Mamilioni ya watoto waliinuliwa na kuangushwa kwa kura za watu wachache, na ninapoitazama namba hiyo siwezi kukubali tena hoja kwamba umaskini wa watoto katika nchi yenye utajiri wa namna ile ni jambo lisilo na mwenyewe.

Hapo ndipo tofauti ya kipato na mali inapoingia. Ripoti ya dunia kuhusu ukosefu wa usawa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 10 ya watu matajiri zaidi duniani wanamiliki takribani asilimia 76 ya mali zote, huku nusu ya chini ya binadamu wakigawana asilimia 2. Watu huzungumzia pengo hili kama suala la wivu, au la nani kapata gari gani. Athari yake kubwa iko kwingine. Pengo likifikia kiwango fulani, walio juu hujitoa kwenye huduma za pamoja. Wana hospitali yao, shule yao, bima yao, maji yao ya kisima na ulinzi wao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye bima ya kimataifa haijui foleni ya zahanati. Huyo ndiye mara nyingi anayekaa kwenye kikao kinachopanga bajeti ya zahanati.

Kwa hiyo mpango unaowahusu maskini peke yao una udhaifu wa kisiasa tangu kuzaliwa: hauna mtetezi mwenye nguvu. Walter Korpi na Joakim Palme, wanazuoni wa Sweden, waliandika mwaka 1998 kwamba nchi zilizolenga mafao yao kwa maskini tu zilipunguza umaskini na tofauti ya kipato kidogo kuliko zile zilizowapa watu wengi, kwa sababu bajeti ya mpango wa wachache hubaki ndogo. Watafiti waliokuja baadaye wakiwa na takwimu mpya wameona uhusiano huo si mkali kama ulivyokuwa, na ni haki kulisema hilo. Hata hivyo Mauritius inatoa funzo ninaloliona lina uzito. Tangu mwaka 1958 kila mzee wa nchi hiyo hupata pensheni bila kuulizwa ana kiasi gani. Mwaka 2004 serikali iliamua kuwatoa wenye kipato kikubwa. Mwaka uliofuata ilishindwa kwenye uchaguzi, na waliochukua madaraka wakaurudisha utaratibu wa zamani. Jaribu kufikiria serikali inayoanguka kwa sababu imepunguza walengwa wa kaya maskini. Mimi sijui hata moja.

Kundi linaloumia zaidi kwenye mpangilio wa sasa ni la katikati. Bima ya jamii kama tunavyoijua ilianzia Ujerumani chini ya kansela Bismarck: bima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali kazini mwaka 1884, ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Ilijengwa juu ya mwajiri anayekata mshahara na kuwasilisha mchango. Mfumo huo ukasambaa hata kwenye nchi ambazo wengi hawana mwajiri. Hata Marekani, sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na kwa kufanya hivyo ikawaacha sehemu kubwa ya wafanyakazi Weusi wa majimbo ya kusini. Matokeo ni kwamba juu kuna wachache wenye mifuko ya pensheni, chini kuna wachache waliopitishwa na fomula ya umaskini, na katikati kuna bahari ya watu: wachuuzi, mafundi, madereva wa pikipiki, wakulima wadogo, mama wa nyumbani. Si matajiri wa kuchangia mfuko, wala si maskini wa kutosha kupewa ruzuku. Janga la UVIKO-19 lilipofunga shughuli mwaka 2020, hawa ndio waliopoteza kipato cha kesho yake asubuhi. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba watu wapatao milioni 70 waliingia kwenye umaskini uliokithiri mwaka huo. Serikali nyingi zilitaka kuwatumia fedha, zikakuta hazina jina wala namba zao.

Wapo wanaosema kazi hiyo ni ya ndugu, majirani na jumuiya za dini. Nauheshimu sana moyo huo. Bila kusaidiana, mamilioni wasingevuka hata mwezi mmoja. Lakini kusaidiana kuna mpaka wake. Kunafanya kazi pale mmoja anapoanguka na wengine wamesimama. Ukame, mafuriko, ugonjwa wa mlipuko au kuporomoka kwa bei ya zao huwaangusha wote kwa mpigo, na anayeombwa ana njaa sawa na anayeomba. Tena ndugu wa maskini mara nyingi ni maskini wenzake. Ethiopia ilielewa hilo baada ya miaka mingi ya kuomba chakula cha dharura duniani karibu kila mwaka, hata miaka ambayo mvua ilikuwa ya kawaida. Mwaka 2005 ikaanzisha mpango wa kudumu ambao katika awamu zake umewafikia watu wapatao milioni 8: wenye nguvu wanalipwa fedha au chakula kwa kuchimba makinga maji na kutengeneza barabara, wasio na nguvu wanapewa bila kazi, na malipo yanakuja kwenye miezi ya njaa inayojulikana. Mpango una mapungufu mengi, hasa malipo kuchelewa, lakini uliibadilisha dharura ya kila mwaka kuwa mstari wa bajeti.

Hifadhi ya jamii ina mambo isiyoyaweza pia, na anayeitetea hana budi kuyasema. Afrika Kusini ilianzisha ruzuku ya watoto mwaka 1998, ikaipanua hadi wenye umri wa chini ya miaka 18, na leo takribani watu milioni 19 hupokea ruzuku ya kudumu ya aina moja au nyingine kila mwezi. Bila fedha hizo njaa ingekuwa kubwa mno. Pamoja na hayo, nchi hiyo bado inaongoza duniani kwa tofauti ya kipato, ikiwa na kipimo cha Gini cha karibu 0.63 (0 ni usawa kamili, 1 ni mtu mmoja kuchukua vyote), na zaidi ya asilimia 30 ya nguvukazi yake haina ajira. Ruzuku haigawi ardhi, haifuti athari za shule mbovu walizotengewa Weusi chini ya ubaguzi wa rangi, haianzishi viwanda. Anayetumia ruzuku kama kisingizio cha kutogusa mambo hayo anamfanyia maskini dhuluma ya pili.

Swali la fedha linakuja mwisho, ingawa kwenye vikao huwa la kwanza. Bolsa Família, mpango wa Brazil wa ruzuku kwa familia maskini ulioanza mwaka 2003, ulifikia familia zipatazo milioni 14 kwa gharama ya karibu asilimia 0.5 ya pato la taifa. Wakati huohuo nchi nyingi zinazodai hazina uwezo hutumia zaidi ya hapo kushusha bei ya petroli na dizeli. Uchambuzi wa wataalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2012 kwenye nchi zinazoendelea ulionyesha kuwa asilimia 20 ya kaya tajiri zaidi hufaidi ruzuku ya mafuta mara sita zaidi ya asilimia 20 ya chini, kwa sababu rahisi kwamba wao ndio wenye magari. Mwenye magari mawili hafanyiwi uhakiki anapojaza tangi kwa bei iliyopunguzwa na serikali. Hakuna anayemuuliza sakafu yake ni ya nini. Mama anayeomba fedha za kumlisha mtoto hupekuliwa hadi chumbani.

Kubadilisha ruzuku hizo kunawezekana, ila utaratibu lazima uwe sahihi. Indonesia ilipopandisha bei ya mafuta zaidi ya maradufu mwaka 2005, ililipa fedha taslimu kaya zipatazo milioni 19 ili ziweze kuhimili. Iran ilifanya hivyo mwishoni mwa mwaka 2010 kwa kuwalipa karibu wananchi wote, na fedha zilikuwa zimeingia kwenye akaunti kabla bei hazijapanda. Mtu anaposhika mkononi kile alichoahidiwa hukubali mabadiliko ambayo kwa maneno matupu angeyapinga barabarani.

Nikiulizwa nchi yenye mapato madogo ianzie wapi, nitasema ianze na makundi mawili ambayo kumtambua mtu wake hakuhitaji fomula: wazee waliopita umri fulani, na watoto wa miaka ya mwanzo. Nepal ilianza kuwalipa wazee wa miaka 75 mwaka 1995 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa. Lesotho ilianza na wenye miaka 70 mwaka 2004, Zanzibar ikafanya hivyo mwaka 2016. Umri hauhitaji karani wa kuhesabu viti. Tajiri mwenye miaka 72 naye atapokea, na hilo lisitutie hofu, kwa kuwa mahali pa kumchuja ni kwenye kodi, ambako ana kumbukumbu, wakili na mhasibu, na ambako kosa likitokea halimlazi na njaa. Umri wa kuanzia unaweza kushushwa kidogo kidogo bajeti inavyoruhusu, na wa watoto kupandishwa vivyo hivyo, kama Afrika Kusini ilivyotoka chini ya miaka saba hadi chini ya kumi na minane.

Nchi wanachama wa Shirika la Kazi Duniani zilishakubaliana mwaka 2012, kwa pendekezo namba 202, kuhusu mambo manne ya msingi: matibabu muhimu, kipato cha kumtunza mtoto, kipato kwa aliye na umri wa kufanya kazi lakini hawezi kupata cha kutosha kwa sababu ya ugonjwa, ukosefu wa kazi, uzazi au ulemavu, na kipato cha uzeeni. Kufikia mwaka 2023 asilimia 52.4 ya watu duniani walikuwa na angalau aina moja ya hifadhi hiyo. Kwenye nchi zenye kipato cha chini walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi.

Kinachohitajika kwanza ni usajili wa vizazi na vifo unaofika kila kijiji na mtaa bila malipo, maana mtoto asiye na cheti ndiye atakayekosa, na bibi aliyezaliwa kabla ya vyeti ndiye atakayerudishwa dirishani. Pawepo na mahali pa kulalamika palipo nje ya ofisi inayolipa. Na kiwango cha malipo kipandishwe kila mwaka kufuata mfumuko wa bei, tena kwa sheria. Iran haikufanya hivyo, na kile kilichoanza kama nyongeza kubwa kwa kaya za chini kililiwa na bei ndani ya miaka michache, bila bunge kupiga kura hata moja ya kukifuta.